Gari linapiga selfu lakini haliwaki: uanze na skana, plagi, spirei au geji ya presha ya mafuta?

Injini ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida na bado haiwaki, umeshapunguziwa kazi: betri ina nguvu ya kuizungusha, selfu ni nzima, swichi inapeleka umeme. Yanabaki mambo manne. Ama plagi hazipati moto (cheche), ama mafuta hayafiki, ama kompresheni (mbano wa hewa kwenye silinda) au taimingi (mpangilio wa valvu na pistoni) imepotea, ama kontroli boksi (kompyuta ya injini) imegoma kwa sababu haiutambui ufunguo. Hayo manne kila fundi anayajua. Kinachowatofautisha mafundi, na kinachoamua utatoa shilingi ngapi, ni wanaanza kupima wapi na kwa kifaa gani.

Njia zinazotumika ni nne. Kuchomeka skana na kusoma namba za hitilafu. Kuchomoa plagi na kutazama moto. Kupuliza spirei ya kuwashia injini kwenye njia ya hewa, na ukitaka uhakika zaidi, kufunga geji ya presha kwenye paipu ya mafuta. Ya nne ni kununua spea mpaka liwake: pampu leo, koili (inayoipa plagi umeme) kesho, sensa keshokutwa. Hiyo ya nne naitaja kwa kuwa ndiyo maarufu kuliko zote, si kwa kuwa inastahili kushindanishwa na wenzake.

Hapa namaanisha magari ya petroli tuliyonayo wengi: IST, Raum, Spacio, Fielder, Vitz, yenye injini ya 1NZ-FE na jamaa zake. Dizeli ina kanuni zake, nitaifikia mwishoni.

Kabla ya kifaa chochote, sikio

Injini nzima ikizungushwa na selfu ina mapigo. Inapanda na kushuka kila silinda inapobana hewa. Ukisikia inazunguka haraka na laini, haina mapigo kabisa, wepesi ambao hukuuzoea, acha ufunguo hapo hapo. Huenda cheni au beliti ya taimingi imekatika au taimingi imeruka, na kwenye injini ambazo valvu zinaweza kugongana na pistoni, kila unapozungusha unaongeza gharama. Hapo usihangaike na skana wala plagi. Fungua kava ya taimingi utazame.

Ukiwa bado umekaa kwenye kiti, angalia na taa ndogo ya ufunguo au ya ulinzi kwenye dashibodi. Ikiendelea kumetameta baada ya kuwasha swichi, jaribu ufunguo wa akiba kabla ya kumpigia mtu simu. Na kama gari lina king'amuzi cha kufuatilia, hasa lile lililonunuliwa kwa mkopo, kumbuka kwamba vingi vya hivyo hufungwa pamoja na rilei (swichi ya umeme) ya kuzima gari kwa mbali. Rilei hiyo mara nyingi hukata umeme wa pampu ya mafuta au wa mfumo wa moto. Ikifa yenyewe, au viungo vyake vikilegea, utatafuta ugonjwa usiokuwepo kwenye injini.

Skana: nzuri, lakini si kwa sababu unayoidhania

Watu hununua kile kidude kidogo cha bluetooth wakitegemea kwamba kitawaandikia kwenye simu, "pampu imekufa." Hakitaandika. Magari mengi ya kawaida ya petroli hayana sensa ya kupima presha ya mafuta, kwa hiyo kontroli boksi haina macho ya kuona kwamba pampu haisukumi. Gari linaweza kukosa hata tone la petroli kwenye nozeli (zinazopuliza mafuta ndani ya injini) na skana ikakuambia hakuna hitilafu yoyote. Mwenye gari anasoma hivyo, anaamini mafuta yako sawa, anageukia koili. Hapa ndipo skana inapopoteza watu wengi: ukimya wake unachukuliwa kuwa jibu.

Thamani yake halisi iko kwenye upande ambao wengi hawaufungui, ule wa takwimu zinazosomeka moja kwa moja. Fungua ukurasa wa mzunguko wa injini, mwambie mtu apige selfu, tazama namba. Injini inayozungushwa na selfu huwa kwenye mizunguko kama 200 kwa dakika, juu kidogo au chini kidogo. Ikionyesha namba hiyo, sensa ya krenki (shafti kuu ya injini) inafanya kazi na kontroli boksi inajua kwamba injini inazunguka. Ikibaki sifuri huku wewe unasikia injini inazunguka, umepata mshukiwa: sensa ya krenki, waya wake, au soketi yake iliyoingia mafuta na maji. Bila habari ya krenki, Toyota hizi hazitoi moto wala hazifungui nozeli, na hata rilei ya pampu huachia. Hapo namba ya hitilafu P0335 ikijitokeza pia, ushahidi umekaa vizuri, ingawa mara nyingi takwimu hutangulia na namba hufuata baadaye.

Mfano mwingine: asubuhi gari likiwa limelala usiku kucha, joto la maji na joto la hewa inayoingia vinapaswa kukaribiana. Skana ikikuambia maji yako nyuzi 40 chini ya sifuri, nawe uko Tabata, Dar es Salaam, waya wa sensa umekatika au soketi imechomoka.

Sasa tatizo la skana lenyewe. Marekani ililazimisha soketi na lugha moja ya kusomea hitilafu, iitwayo OBD-II, kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, Ulaya ikaja kwa magari ya petroli mwaka 2001, na Japani ikaweka kanuni yake mwaka 2008. Magari yetu yalitengenezwa kwa soko la Japani. Kwa hiyo IST ya 2003 ina soketi ile ile ya miguu 16 chini ya usukani, unachomeka kidude chako kinaingia vizuri, halafu simu inazungukazunguka na kusema haijaunganishwa. Kidude si kibovu. Gari linaongea lugha nyingine. Kenya, ambako gari la kuagiza halitakiwi kuzidi umri wa miaka 8, tatizo hili linazidi kupungua. Tanzania magari ya zamani bado yanaingia, yanatozwa ushuru zaidi tu, kwa hiyo usinunue kidude kabla ya kukijaribu kwenye gari lako lenyewe.

Ukikwama hivyo, Toyota nyingi za aina hiyo hukuruhusu kuunganisha mguu namba 4 na namba 13 wa soketi kwa kipande cha waya, kisha taa ya injini inamulika na wewe unahesabu mimuliko. Hesabu miguu mara mbili kabla ya kugusa. Namba 16 ina umeme wa betri moja kwa moja. Skana kubwa za gereji hazina shida hii, na zinasoma hata mfumo wa ufunguo ambao vidude vya bei nafuu haviufikii.

Plagi: majibu mawili kwa kazi moja

Kama gari halikubali skana, mimi ningeanza hapa. Kwenye 1NZ-FE kazi ni ndogo: unatoa kava ya plastiki, koili nne zimeshikwa na bolti za spana namba 10, chini yake kuna plagi. Ukichomoa plagi baada ya kupiga selfu kidogo, kabla hata ya kupima moto, itazame na uinuse. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika. Tafuta upande wa moto. Ikiwa kavu kabisa na haina harufu, mafuta hayafiki. Jibu hilo umelipata bure, na ni jibu ambalo skana haiwezi kukupa.

Kisha moto. Njia salama ni kifaa cha kupimia moto, kile cha kuunganisha kati ya koili na plagi, au plagi iliyobanwa vizuri kwenye chuma cha injini. Chomoa soketi za nozeli zote kwanza ili injini isimwage petroli hewani karibu na cheche. Usishike koili mkononi na usiiache ikining'inia bila athi: volti ni maelfu kwa maelfu, na koili yenyewe inaweza kuungua ndani ikikosa pa kutolea.

Njia hii nayo ina mtego wake. Umechomoa koili ya silinda ya kwanza, haina moto, unakimbilia dukani. Ngoja. Injini ya silinda nne haishindwi kuwaka kwa sababu ya koili moja. Itawaka kwa kutetemeka, ikipiga silinda tatu. Pima na ya pili, na ya tatu. Zote zikikosa moto, haiwezekani koili nne zimekufa usiku mmoja. Tafuta kile zinachotegemea zote: fyuzi, rilei, waya wa umeme unaozilisha, sensa ya krenki, kontroli boksi. Hapo ukiweza kuipata skana, turudi kwenye ile namba ya mizunguko.

Kuna jambo moja la Toyota linalochanganya hata mafundi wazuri. Koili hizi zenye waya nne hurudisha taarifa kwa kontroli boksi kwamba zimechoma. Taarifa hiyo isiporudi, kontroli boksi hufunga nozeli ili petroli isiende kuunguza eksozi. Kwa hiyo unaweza kuona nozeli hazifunguki ukalaumu mafuta, kumbe chanzo kiko kwenye koili.

Spirei na geji: upande ambao watu wanauruka

Spirei ya kuwashia injini, au ile ya kusafishia kabureta, ndiyo kipimo chenye jibu la haraka kuliko vyote. Unapuliza kidogo, sekunde mbili hivi, kwenye njia ya hewa baada ya chujio, unaondoka karibu, mwenzako anapiga selfu. Injini ikiwaka kwa sekunde moja au mbili kisha ikazima, umethibitisha kwa mpigo mmoja kwamba moto upo, kompresheni ipo na taimingi iko sawa. Umebaki na mafuta peke yake. Isipotikisika kabisa, upande wa mafuta uache kwanza, rudi kwenye moto na taimingi. Hakuna kifaa cha bei hiyo kinachokata tatizo katikati namna hii.

Wapo wanaomimina petroli ya kwenye chupa badala ya spirei. Injini ikipiga kinyume, moto unarudi kupitia njia ile ile uliyomimina, na wewe bado umeishika chupa. Kataa.

Ukishajua ni mafuta, swali linalofuata ni pampu yenyewe au umeme wake. Hapa pana kosa la kawaida sana. Mtu anawasha swichi bila kupiga selfu, anasikiliza kiti cha nyuma, hasikii pampu ikinguruma, anahukumu kwamba imekufa. Kwenye Nissan na magari mengi ya Ulaya hukumu hiyo ina msingi, kwa sababu pampu hunguruma sekunde chache swichi ikiwashwa. Toyota nyingi hazifanyi hivyo. Pampu huanza pale selfu inapopigwa. Msikilizaji awe na sikio kwenye kiti cha nyuma wakati injini inazungushwa. Kama kimya, inua kiti, pima volti kwenye soketi ya pampu wakati wa kupiga selfu. Umeme upo na pampu kimya: pampu. Umeme haupo: fyuzi, rilei, au ile rilei ya king'amuzi niliyoitaja juu. Kugonga tangi kwa chini wakati mwenzako anapiga selfu wakati mwingine huamsha pampu iliyochoka, na inatosha kukufikisha nyumbani. Kesho yake usiende nayo Morogoro.

Geji inaingia pale pampu inaponguruma lakini gari bado haliwaki. Kunguruma si kusukuma. Kichujio cha ndani ya tangi kikiziba au regyuleta ya presha ikichoka, sauti utaisikia na presha hutaipata. Kwa 1NZ-FE presha inayotakiwa ni kati ya psi (kipimo cha presha) 44 na 50, na ukishazima inapaswa kubaki angalau psi 21 kwa dakika 5. Kipimo hicho cha pili kinaeleza gari ambalo asubuhi linasumbua mpaka upige selfu mara kadhaa, kisha mchana kutwa halina neno.

Ubaya wa geji: Toyota hizi kwa kawaida hazina kipenyo cha kufungia geji kwenye reli ya nozeli, kwa hiyo inahitaji adapta ya kuingiza kwenye paipu, na unafungua njia yenye petroli iliyo chini ya presha. Hii si kazi ya kufanya peke yako pembeni ya barabara. Lipa gereji yenye geji. Fundi asiye nayo lakini anayekuambia kwa uhakika kwamba pampu "presha imeshuka" anakisia tu, hata kama amepatia.

Zaidi ya hapo, kama gari liligoma muda mfupi baada ya kujaza, achana na vyote hivi, toa mafuta kidogo kwenye chupa inayoonyesha ndani. Maji yatakaa chini. Dizeli iliyotiwa kimakosa utaijua kwa harufu na utelezi wake vidoleni.

| Njia | Inachojibu vizuri | Inapokudanganya |
|---|---|---|
| Skana | Krenki inasomeka? Sensa ipi imekatika? Ufunguo umekubaliwa? (skana kubwa) | Pampu ikifa, inanyamaza |
| Plagi | Moto upo? Mafuta yanafika kwenye silinda? | Ukipima koili moja ukahukumu zote |
| Spirei | Ni mafuta, au si mafuta? | Injini iliyokwishalowa petroli haitajibu |
| Geji | Presha inatosha? Inabaki? | Haijui kama nozeli zinafunguka |

Gari lilikufaje?

Mimi huchagua kifaa kwa historia, kwa sababu namna gari lilivyozima hupunguza nusu ya kazi. Lilizima ghafla likiwa la moto barabarani, likapoa, likawaka, likazima tena: skana, kwenye namba ya mizunguko, maana sensa ya krenki hupenda tabia hiyo. Liligoma baada ya kuoshwa injini: plagi, kwa kuwa maji hukaa kwenye visima vya koili. Umekuwa ukitembea na taa ya mafuta imewaka wiki nzima: spirei, na uwe tayari kwa pampu, kwani petroli iliyo tangini ndiyo inayoipoza. Limetoka kufungwa alamu au redio: skana na spirei viache, mrudishe aliyefunga. Halina historia yoyote, jana liliegeshwa zima na leo halitaki: spirei kwanza, kisha plagi.

Na pima betri hata kama selfu inasikika vizuri. Wakati wa kupiga, volti zikishuka chini ya 9.6, kontroli boksi na koili zinaweza kukosa nguvu huku selfu bado inazungusha. Usizidishe sekunde 10 kwa mpigo mmoja, ipumzishe selfu. Ukinusa petroli imejaa, kanyaga pedeli ya mafuta mpaka mwisho kisha piga: magari mengi ya nozeli hufunga mafuta katika hali hiyo na kuzikausha silinda.

Kuhusu kubahatisha spea, kuna aina moja ninayoikubali. Kwenye boksi la fyuzi, rilei ya injini mara nyingi inafanana namba na ya honi au nyingine jirani. Badilishana, jaribu, rudisha. Hailipiwi. Lakini sensa iliyotumika ya Gerezani (Dar) au ya Kirinyaga Road (Nairobi) hairudishwi dukani ikishafungwa, na ikiwa nayo ni mbovu, una magonjwa mawili badala ya moja.

Dizeli

Spirei isahau, hasa injini yenye plagi za joto; mvuke huo unaweza kulipuka kabla ya wakati na kuvunja pistoni. Plagi za cheche hazipo. Kinachobaki ni kutazama eksozi. Unapiga selfu na moshi mweupe unatoka: mafuta yanafika, hayaungui, pima plagi za joto, kisha kompresheni. Hakuna moshi kabisa: mafuta hayafiki.

Kwenye dizeli za zamani kama 1HZ, 2L au 3L, anza na ile solenoidi ya kuzimia iliyo kwenye pampu. Swichi ikiwashwa inapaswa kulia tak moja, na waya wake uwe na volti 12. Ikilia, toa hewa kwa pampu ya mkono iliyo juu ya chujio, kisha legeza nati ya bomba moja la nozeli na upige selfu uone kama dizeli inaruka. Kipimo hiki ni cha bure na kinamaliza ubishi.

Kwenye dizeli mpya za reli moja (common rail), kama 1KD-FTV ya Hiace na Prado, usiguse nati hiyo. Presha ya humo inaweza kupasua ngozi na kuingiza dizeli mwilini, na hilo ni jeraha la hospitali ya haraka. Hapa mambo yanageuka: skana, ambayo kwenye IST haikuiona pampu, sasa ndiyo ya kwanza, kwa sababu reli hizi zina sensa ya presha. Mwombe fundi asome presha ya reli wakati selfu inapigwa. Injini nyingi za aina hii hazianzi kuchoma chini ya baa 200 hadi 300. Ikiwa chini ya hapo, chujio, hewa kwenye njia, valvu ya kudhibiti mafuta ya pampu kubwa na nozeli zinazovuja vinachunguzwa kwa mfuatano huo, kutoka cha bei rahisi kwenda cha bei ghali.